Usiruke Uzio wa Jirani, Wala Usinyamaze: Tahadhari kwa Wenzetu Walioko Uingereza

Joto la kiangazi limeanza kukaza Uingereza. Huu ndio msimu ambao madirisha ya nyuma hufunguliwa na watu wakaona yaliyojificha wakati wa baridi: mbwa wa jirani amefungwa mnyororo mfupi tangu alfajiri, bakuli lake limekauka, mbavu zinahesabika. Nyumba nyingi tunazopanga huku zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kati ya ua na ua pana uzio wa mbao tu. Kishawishi ni kikubwa: ruka, mfungue, mlete kwako.

Usifanye hivyo. Nawasihi.

Tangu tarehe 24 Agosti 2024, kumchukua mbwa au paka wa mtu ni kosa linalojitegemea katika England na Ireland ya Kaskazini, chini ya Pet Abduction Act 2024. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Kwa paka, hata kumshawishi akufuate nyumbani kunaweza kukutia hatiani. Ni kweli kwamba sheria inamlinda mwenye sababu ya msingi, lakini sababu hiyo huenda ukaieleza ukiwa umeshakamatwa. Na kwa aliye kwenye viza mzigo ni mzito zaidi: kwa mujibu wa UK Borders Act 2007, mgeni akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, kanuni ni kwamba afukuzwe nchini. Hata hukumu ndogo utatakiwa kuitaja siku ya kuomba viza mpya au uraia. Hakuna mwenye huruma anayestahili kupoteza maisha aliyoyajenga huku kwa sababu ya uzio wa mita mbili.

Hatari ya pili inamkuta mnyama mwenyewe, na hii ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu inatoka mkononi mwa mtu mwema. Unamwona mbwa kakonda, unachukua sahani ya pilau iliyobaki, unamrushia. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Zabibu kavu huweza kuua figo za mbwa. Na hata ukimpa wali mweupe mtupu, mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu haustahimili shibe ya ghafla: wanga ukiingia kwa wingi, madini ya damu kama fosfeti na potasiamu hushuka kwa kasi, na moyo unaweza kusimama. Mnyama wa namna hiyo hulishwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari wa wanyama. Maji ni jambo jingine. Ukiweza kumfikishia bakuli la maji ukiwa upande wako, mpe. Dawa za binadamu usimguse nazo kabisa. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka.

Wapo watakaosema mbwa si mambo yetu. Asiyetaka kumgusa mbwa halazimiki kumgusa, lakini simu anaweza kupiga. Animal Welfare Act ya 2006 inamtaka mwenye mnyama ampe chakula na maji, mahali panapofaa, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi. Tangu mwaka 2021 adhabu ya ukatili mkubwa nayo imefika miaka mitano. Sheria hiyo haingoji mnyama afe: kutomtunza tu kunatosha kumfanya mkaguzi wa ustawi wa wanyama abishe hodi.

Ikiwa hali haijawa ya kutisha na jirani si mtu wa shari, anza wewe kwa hodi. Huenda ni mzee anayeishi peke yake na amelazwa hospitali, na hakuna aliyejua.

Lakini ukiona mnyama anahema kwa nguvu, anadondosha mate, anayumba au ameanguka, usingoje jioni. England na Wales piga RSPCA, 0300 1234 999. Scotland piga Scottish SPCA, 03000 999 999. Ireland ya Kaskazini piga halmashauri ya eneo lako. Mbwa aliyefungiwa kwenye gari juani ni wa 999 moja kwa moja. Nje kukiwa na nyuzi 22 tu, ndani ya gari zinaweza kufika 47 kwa saa moja. Msiogope kwa sababu ya makaratasi: RSPCA ni shirika la hisani, halishughuliki na uhamiaji, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe kwa jirani.

Piga picha ukiwa kwako, andika tarehe na saa. Picha hizo ni za mkaguzi. Tafadhali msizirushe kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na namba ya nyumba. Nalichukia jambo hili kuliko yote, kwa sababu habari humfikia mwenye mbwa kabla ya mkaguzi, mbwa anahamishwa, na ushahidi unapotea naye. Kisha watu wasiohusika wanakwenda kumtukana mtu mlangoni, na kesi inageuka kuwa ya kwao.

Mkaguzi wa RSPCA hana mamlaka ya kuvunja mlango wala kumbeba mnyama kwa nguvu. Kwa hilo huwategemea polisi, ndiyo maana jibu wakati mwingine huchelewa. Siku zikipita na hali ikizidi, piga tena. Ulipopiga mara ya kwanza ulipewa namba ya kumbukumbu. Anza nayo simu ya pili, ueleze nini kimebadilika tangu siku ile.