Tamko: Mpango wa majitaka ya pwani uanzie kwenye chemba ya chini kabisa

Sisi mafundi, wahandisi, waendesha pampu, madereva wa magari ya kunyonya majitaka na wapimaji wa maabara, tuliojiunga katika chama kimoja cha wafanyakazi wa majitaka wa mwambao wa Tanzania, tunatoa tamko hili kwa Wizara ya Maji, kwa mamlaka za majisafi na usafi wa mazingira za miji ya pwani, kwa halmashauri, na kwa kila kaya inayoishi pale maji ya mvua yanapokutana na maji ya bahari.

Tunalo jambo moja la kusema. Mpango wowote wa kuiandaa huduma ya majitaka kwa mabadiliko ya tabianchi uanzie kwenye chemba iliyo chini kuliko zote, wala usianzie kwenye mchoro wa mtambo mpya. Tumeona mipango mingi ikiandikwa kwa lugha nzuri na ramani za rangi, lakini ukiuliza paneli ya umeme ya pampu fulani iko mita ngapi juu ya maji ya bamvua, yaani kujaa kukubwa kwa bahari, hakuna ajuaye.

Majisafi husukumwa kwa shinikizo na yanaweza kupanda mlima. Majitaka hushuka. Ndiyo maana mtandao wa majitaka wa mji wa pwani huishia mahali pa chini kabisa, ukingoni mwa bahari au kwenye bonde la mto, na huko ndiko ziliko pampu na mabwawa. Waliotutangulia hawakuyaweka huko kwa uzembe, mteremko uliwaamuru. Lakini kwa sababu hiyo mafuriko yakija huanza na sisi, na pampu ikizama, majitaka ya mtaa mzima yanarudi kwenye sakafu za watu walio mbali na ufukwe.

Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728, ni mfano tunaoufahamu kwa mikono yetu. Mtandao wa katikati ya jiji, ulioanza enzi za ukoloni, humwaga baharini upande wa Ocean Road. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hapa hupita mita 3. Bomba lolote linalomwaga baharini kwa mteremko lina saa zake za kumwaga na saa zake za kungoja: bahari ikijaa hukalia mdomo wa bomba na kuyazuia majitaka, ikipwa bomba hupumua. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi limeeleza kuwa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Anayetazama ukuta wa ufukweni huziona sentimita hizo kuwa kidogo. Mwendesha pampu haoni hivyo, kwa sababu kila sentimita inapunguza saa za kumwaga, mchana na usiku, mwaka mzima. Mvua kubwa ya masika ikiangukia ndani ya saa za kungoja, maji hayana pa kwenda ila kupanda kwenye chemba.

Chumvi nayo ina kazi yake. Maji ya bahari yakipenya kwenye viungo vya mabomba ya zamani huleta salfeti, na mahali pasipo hewa salfeti hugeuka kuwa ile gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na unyevu kwenye dari ya bomba huwa tindikali inayokula zege. Ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumuua fundi ndani ya chemba kwa dakika chache. Tunaposema bomba lililopasuka karibu na ufukwe lizibwe, tunazungumzia pia uhai wa wenzetu.

Upande wa bonde la Msimbazi, jijini humohumo, hadithi ni ya mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na tangu hapo eneo la Jangwani, bondeni humo, limezama mara kadhaa, ikiwemo karakana ya mabasi yaendayo haraka. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yapo katika bonde hilohilo na humwaga kwenye mto huo. Sisi ni watetezi wa mabwawa: hayahitaji umeme mwingi, yanafanya kazi kwa jua, mwani na muda. Ila muda ndio dawa yenyewe. Bwawa lililojaa tope limepoteza nafasi, na mvua inapoingia, majitaka yaliyopaswa kutulia kwa siku nyingi hupita haraka yakiwa bado na vimelea. Kwa hiyo kutoa tope bwawani kabla ya masika ni kazi ya tabianchi kamili, na tunaiweka juu ya semina yoyote. Kazi kubwa za Bonde la Msimbazi, ambazo Benki ya Dunia iliidhinisha kuzigharamia mwaka 2022, zisimamie pia kingo za mabwawa na chemba zilizomo bondeni. Mto ukipanuliwa bila kuyaangalia hayo, tutakuwa tumeyahamisha mafuriko tu.

Bado hatujagusa kaya nyingi zaidi. Wakazi wengi wa jiji hawajaunganishwa na mtandao. Wanatumia vyoo vya shimo na matangi ya majitaka. Maji ya ardhini yakipanda, shimo hujaa kutoka chini. Mvua inaponyesha, wapo wanaotapisha vyoo, yaani wanatoboa ukuta wa shimo ili mafuriko yaondoke na kinyesi. Tunalilaani tendo hilo kwa sababu kinyesi hicho huingia kwenye visima vya majirani, na mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 tunaukumbuka wote. Lakini faini peke yake haijalimaliza na haitalimaliza. Mama mwenye nyumba Tandale au Keko anayetapisha usiku anajua vizuri madhara yake, lakini gari letu haliwezi kuingia kwenye kichochoro chake, na gharama ya safari moja ni chakula cha siku nyingi. Tunataka huduma ya kunyonya topekinyesi kwa pampu za mkono na mikokoteni itambuliwe rasmi, ipewe vituo vya karibu vya kupokea tope, na wiki sita kabla ya masika itolewe kwa bei iliyopunguzwa katika mitaa ya mabondeni. Mpango wa tabianchi usiotaja choo cha shimo, kwa mji wa pwani ya kwetu, haujaanza.

Wengine wamekwisha kulipia somo hili. Beira nchini Msumbiji ilipigwa na Kimbunga Idai Machi 2019, na kipindupindu kikafuata ndani ya majuma machache. Mwambao wetu wenyewe ulifikiwa na Kimbunga Hidaya Mei 2024. Hata New York, yenye fedha zote zile, ilipopigwa na Kimbunga Sandy Oktoba 2012, mitambo 10 kati ya 14 ya majitaka iliharibika au kukosa umeme. Tunachokiheshimu ni walichofanya mwaka uliofuata: walipita kituo kwa kituo, mota kwa mota, wakaandika ipi iinuliwe, ipi izibwe isiingie maji, ipi iwekewe ukuta. Walikadiria kuwa kinga ya dola milioni 315 ingelinda mali ya zaidi ya dola bilioni 1. Kazi ya namna hiyo inawezekana kwetu kwa kiwango chetu, kwa sababu hatua yake ya kwanza ni daftari na kifaa cha kupimia usawa.

Hapo tunatoa angalizo la kitaalamu. Majedwali ya maji kupwa na kujaa hupimwa kuanzia maji ya chini kabisa. Ramani za wapima ardhi huanzia usawa wa wastani wa bahari. Anayechanganya vipimo hivi viwili hukosea kwa zaidi ya mita moja, na pampu itazama ilhali karatasi inasema iko salama. Kila mamlaka itumie kipimo kimoja na ikitaje kwenye kila mchoro.

Tunazitaka mamlaka za pwani zichapishe, kabla ya mvua za vuli zijazo, orodha ya chemba, pampu na paneli zao za umeme kwa mpangilio wa urefu, za chini kwanza. Zile za chini ziinuliwe au ziwekewe vali za kuzuia maji kurudi kabla mkopo wa mtambo mpya haujasainiwa. Katika usanifu, umri wa kitu uamue bahari ya kukipimia: pampu itakayobadilishwa baada ya miaka 15 haihitaji bahari ya mwaka 2100, lakini tangi la zege linalotarajiwa kudumu miaka 60 lipimiwe makadirio ya juu, ambayo kwa mwaka 2100 yanakaribia mita 1. EWURA, mdhibiti wa bei za maji, izikubali gharama hizi katika maombi ya bei, kwa sharti kwamba zisimwangukie asiye na bomba.

Nasi tunajifunga. Wanachama wetu wenye ujuzi wa upimaji watatoa siku zao za mapumziko kupima chemba za ufukweni bila malipo, na vipimo vyote vitabandikwa kwenye ofisi za serikali za mitaa, mkazi avisome na kutusahihisha kwa alama ya maji iliyobaki ukutani kwake. Tutaanza katika bamvua ijayo, maji yakiwa yamejaa.