Mzazi Anapopoteza Ajira, Kijana Asipoteze Chuo

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID likakoma kufanya kazi. Kwa wengi wetu huku Same hizo zilikuwa habari za redioni. Kwa watumishi wa mikataba katika miradi ya afya, hasa ya UKIMWI, zilikuwa barua ya kusitishiwa ajira. Miongoni mwao wamo wana wa milima hii ya Upare, wazazi wenye vijana vyuoni.

Mshahara ukikoma, ada haikomi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa mikopo kwa kupima uhitaji. Yatima huwasilisha cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Kaya inayohudumiwa na TASAF ina namba yake. Mzazi aliyeachishwa kazi hana alama ya namna hiyo. Nyumba yake ya matofali bado imesimama, mwanawe pengine alisoma shule ya kulipia, na machoni pa watu angali mwenye uwezo.

Upare unaujua uchungu wa kukadiriwa. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu walikusanyika hapa Same kuipinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa makadirio yale. Je, sisi wenyewe hatuwakadirii jirani zetu kwa macho? Yule aliyekuwa wa kwanza kuchangia ujenzi wa kigango, sasa haonekani jumuiyani. Twasema amepoa kiimani, kumbe hana mchango wa kutoa na anaona aibu. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, wakili aliyeondolewa kazini alijiona hana nguvu za kulima na anaona haya kuomba. Haya hiyo ipo pia katika parokia zetu.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kumsaidia asiye na ajira na familia yake ni wajibu unaotokana na haki ya kuishi. Basi tuanze na haki. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi aliyepunguzwa kazini, baada ya kutumikia angalau miezi 12, malipo ya kiinua mgongo ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufikisha shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwanachama wa NSSF aulize mapema kuhusu fao la kukosa ajira.

Kijana aombe mkopo, akieleza hali ya sasa ya nyumbani kwa vielelezo, na asipopangiwa atumie dirisha la rufaa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo hutolewa pia kwa baadhi ya fani za stashahada. Mzazi aende chuoni kuomba kulipa kwa awamu kabla deni halijakua. Tunawasihi msikimbilie mikopo umiza, wala msiuze shamba la tangawizi ambalo sasa ndilo tegemeo la nyumba.

Yanayobaki ni yetu. Kadi ya harusi ikitufikia, tunachanga. Msiba ukitokea, hatungoji kuombwa. Lakini kijana akirudishwa nyumbani kwa deni la muhula mmoja, tunamwachia mzazi wake. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iweke akiba kidogo kwa ajili ya ada, na viongozi wawili waaminifu wamtembelee aliyepoteza kazi bila kusubiri awaite, na siri yake waitunze. Wazee wetu waliitana msaragambo kuchimba mifereji na kutengeneza njia. Kumvusha kijana muhula mmoja ni kazi ya namna hiyohiyo, na ikifanywa na wengi, haimlemei mmoja.