Vijana Wetu Wayasome Maangamizi ya Mayahudi



Husemwa katika baraza zetu hapa Singida kwamba mauaji ya Mayahudi huko Ulaya ni ngano iliyotungwa ili Wapalestina wapokonywe ardhi yao, na kwamba mzazi Muislamu asimruhusu mwanawe kwenda katika ziara ya kimasomo inayohusu jambo hilo. Hasira iliyo nyuma ya maneno hayo tunaifahamu, nasi tunayo, hasa kwa yaliyowafika watu wa Gaza tangu mwaka 2023. Lakini maneno yenyewe ni ya uongo. Katika Vita Kuu ya Pili, Wanazi wa Ujerumani na washirika wao waliwaua Mayahudi wapatao milioni sita. Nyaraka za wauaji wenyewe zipo.

Wala habari hiyo haiko mbali nasi. Katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, alifia Muislamu mzaliwa wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, na katika Vita Kuu ya Kwanza alilitumikia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na babake hawakulipwa. Hakupewa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza katika filamu, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili, lugha hii hii tunayoiandika. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa kambini bila ya kufikishwa mahakamani. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Sheria za damu za mwaka 1935, zilizotungwa dhidi ya Mayahudi, zilimfikia na mtu mweusi. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe la kumbukumbu yake mbele ya nyumba aliyoishi Berlin. Ni wanafunzi wangapi wa madrasa zetu wanaolijua jina lake?

Machi 2014, Profesa Mohammed Dajani wa Chuo Kikuu cha Al-Quds aliwapeleka wanafunzi Wapalestina Auschwitz, nchini Poland. Katika mpango huo huo, wanafunzi wa Israel walikwenda kambi ya wakimbizi ya Dheisheh, Bethlehem, kuwasikiliza Wapalestina. Aliporejea aliitwa msaliti, na hatimaye akajiuzulu. Sisi hatuwaungi mkono waliomwita hivyo. Suratul Maidah, aya ya 8, inatukataza kuiacha chuki ya watu ikatutoa katika uadilifu. Na imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza, alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, aliuliza kama hiyo nayo haikuwa nafsi.

Berlin ni mbali na nauli hatuna. Arusha inafikika kwa basi, kupitia Katesh na Babati. Hapo ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ambayo tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kosa hilo liliingizwa katika sheria za mataifa kwa mkataba wa mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya kambi za Wanazi kufunguliwa. Mwalimu ana pa kuanzia.

Kabla ya safari, wanafunzi wasomeshwe pia urithi wa Mayahudi katika nchi za Kiislamu. (Sisi tuliosoma kwa Kiarabu hatuna udhuru hapa.) Musa bin Maimun, mzaliwa wa Qurtuba aliyefariki Misri mwaka 1204, alikuwa tabibu katika dola ya Salahuddin, na kitabu chake Dalalatul Hairin alikiandika kwa Kiarabu.

Madrasa itakayopanga ziara ichague wakati wa likizo, iwaarifu wazazi mapema, iwape wasichana walimu wa kike wa kufuatana nao, na izingatie nyakati za swala njiani. Mwanafunzi akiuliza juu ya Gaza, asinyamazishwe.