AKIBA HAIOZI?

Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti nchini mwetu ikazorota. Wengi walitambua siku hizo thamani ya njia ya pili. Lakini hata nyaya zikiwa nzima, seva moja ya ofisi ikiharibika, mkulima wa pamba wa Mugeta, wilayani Bunda, huweza kurudishwa nyumbani akiambiwa mtandao haupo. Kumbe mtandao upo. Kisichokuwapo ni akiba.

Kila ofisi inayowahudumia wananchi haina budi kuwa na seva ya pili, katika jengo jingine, yenye umeme wake, ikipokea nakala ya kumbukumbu saa zote. Wala kuinunua hakutoshi. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza isipotunzwa. Nakala ya mwezi uliopita haiyajui malipo ya juzi. Kwa hiyo yapasa kazi ihamishiwe huko kwa makusudi mara kwa mara, watumishi wazoee.

Ndugu wafanyakazi, ulizeni ofisini mwenu: seva ya akiba ilijaribiwa lini?