Majina ya Nyimbo Zetu Katika Kompyuta

Iko desturi iliyoenea ya kuhamisha nyimbo kutoka katika CD na kuzitia katika kompyuta. Desturi hiyo ni njema, kwani CD huchubuka, na mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika. Lakini kazi yenyewe yafanywa kwa uzembe usiovumilika, hasa shuleni, ambako kijana huamini akisomacho. Sauti huhifadhiwa kwa uangalifu. Jina la mtunzi, bendi na mwaka wa kurekodiwa huachwa yaandikwe na yeyote.

Ni nani huyo yeyote? Wengi hudhani kwamba majina yanayotokea kwenye kioo yametoka ndani ya CD. Sivyo. CD za kawaida, tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, hubeba idadi ya nyimbo na mahali kila wimbo unapoanzia, basi. Utaratibu wa kutia majina ulikuja mwaka 1996, na watengenezaji wengi hawakuufuata. Kwa hiyo programu hupima urefu wa nyimbo, kisha huuliza hazina ya maelezo iliyoko kwenye intaneti; nayo hujibu kwa yale aliyoyaandika mtu asiyejulikana, pengine asiyejua neno moja la Kiswahili. Akiruka mstari mmoja, nyimbo zote zifuatazo huvishwa majina ya jirani zao.

Hata vyombo vyenyewe havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Maelezo ya kwanza yaliyobuniwa kwa faili za MP3 yaliruhusu herufi 30 tu kwa jina la msanii, nafasi zikihesabiwa. Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano hukatika kwenye “Super Vol”. Orodha ya aina 80 za muziki iliyofuatana nayo ilikuwa na polka, taarabu haikuwamo. Na orodha ipangayo watu kwa jina la mwisho itamwita Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, kwa jina la Saad. Saad ni baba yake! Mifumo hiyo imekwisha kupanuliwa zamani. Kisingizio kimekufa, mazoea yangali hai.

Kosa kubwa kuliko yote ni la mwaka. Mbaraka alifariki mwezi Januari 1979, kabla CD moja haijauzwa duniani. Hata hivyo nyimbo zake huandikiwa mwaka ambao mfanyabiashara alizikusanya katika CD. Mwanafunzi atazamaye tarehe hiyo atasadiki kwamba marehemu alikuwa studioni. Tena Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Anayeziandika nyimbo zote “Mbaraka Mwinshehe” pasipo kutaja bendi amefuta mpaka huo, na amewafuta wapiga gita na wapuliza tarumbeta waliokuwa pande zote mbili. Vivyo hivyo NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964: ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, ikawa Msondo Ngoma. Jina la bendi hapo ni kalenda. Anayeliandika la mwisho juu ya nyimbo zote, ati kwa kurahisisha, ameichana kalenda hiyo.

Wako wasemao kwamba muziki ni wa kusikilizwa, si wa kusomwa. Hoja hii ni dhaifu, na kwa wenye haki ni hoja ya dhuluma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa aliyefariki 1979, ulinzi huo wafika 2029. Je, warithi watalipwa kwa faili iitwayo “Wimbo wa 7”? Katika bendi zetu mtunzi mara nyingi si yule mwimbaji mashuhuri ambaye picha yake iko kwenye jalada, na nafasi ya mtunzi ndiyo huachwa tupu kuliko zote.

Mwalimu asimamiaye kazi hii na aanze na kijitabu cha CD, si na jibu la mashine. Asipojua mwaka, aache wazi. Nafasi tupu humwita mtafiti, uongo humfukuza. Baadhi ya wanamuziki wa miaka ya 1970 wangali hai, na wanakumbuka nani alitunga nini, na katika bendi ipi. Wapelekewe wanafunzi wenye daftari mwaka huu.