Kabla Uniulize "ArchiCAD ama Revit?", Niambie Gata Iko Wapi

Wasee, kila nikionyesha mtu mchoro wa nyumba, swali la kwanza ni lile lile: "Umetumia ArchiCAD ama Revit?" Hakuna anayeuliza mvua ikinyesha maji yataenda wapi. Hii ubishi imenichosha.

Nianze na mjomba wangu hapa Oyugis. Alijengewa ile staili mpya, paa limefichwa nyuma ya ukuta, kwa mbele nyumba ni boksi safi. Kwa skrini ilikuwa moto sana! Halafu mvua ya Aprili ikaja. Gata ya ndani ikaziba na majani, maji yakaingia dari, sasa sebuleni kuna beseni tatu. Mchoraji alipoulizwa akasema, "Templeti ilikuja hivyo."

Omera, templeti ilikuja hivyo? Na wewe ulikuja kufanya nini?

Sisemi hizi programu ni mbaya. ArchiCAD ya Graphisoft kutoka Hungaria iko tangu miaka ya 1980. Revit ilitoka 2000, Autodesk wakainunua 2002. Zote mbili huchori mistari mitupu, unajenga ukuta wenye unene na urefu. Ukibadilisha saizi ya dirisha kwa ramani, inabadilika pia kwa mchoro wa mbele na kwa orodha ya madirisha. Kwa Revit unaweza hata kufunga kipimo, useme mlango ukae umbali huu huu kutoka kwa kona. Hicho ni kizuizi umeweka mwenyewe, na kinakuokoa makosa.

Shida ni vile vizuizi hukuweka wewe. Revit ilikaa karibu miaka 20 bila zana ya kawaida ya ukuta ulioinama. Ilikuja na toleo la 2021. Kabla ya hapo ulikuwa unazunguka mlango wa nyuma. Sasa fikiria mwanafunzi ako na dedilaini kesho: atapambana, ama atasimamisha ukuta wima aende kulala? Programu haikukataza. Ilifanya tu boksi liwe rahisi na kila kitu kingine kiwe kazi.

Na si sisi tu tunalia. Mwaka 2020 kampuni kubwa za wasanifu Uingereza, Zaha Hadid Architects wakiwemo, ziliandikia Autodesk barua ya wazi kulalamika kuhusu bei ya Revit na vile inaboreshwa polepole.

Sasa tembea mpaka Thimlich Ohinga, hapo Migori. Kuta za mawe bila saruji wala udongo, zingine zinafika mita 4 na zaidi, zimepinda kufuata boma, na UNESCO waliziweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Wajenzi walipanga mawe upande wa nje na wa ndani, katikati wakajaza madogo ya kushikilia. Jaribu kuchora hiyo na kitufe cha "ukuta". Utapata bomba laini lenye unene mmoja. Walianza na jiwe lililokuwa hapo, sisi tunaanza na menyu.

Najua utasema, "Ofisi za Nairobi zinataka Revit." Sawa, jifunze. Ukiwa na Mac jifunze ArchiCAD, kwa sababu Revit ni ya Windows pekee. Kodi ya nyumba hailipwi na maneno yangu. Lakini kabla ufungue laptopu, nenda kwa ploti mvua ikinyesha. Angalia maji yanakimbilia wapi. Uliza fundi ni paa gani amewahi kuitwa kurekebisha mara ya pili. Chora kwa karatasi. Halafu ndio ufungue programu, na ikikataa wazo lako, pigana nayo kwanza kabla ubadilishe wazo.

Mjomba hajui nyumba yake ilichorwa na programu gani. Anajua tu beseni ikijaa, ni yeye anaamka usiku kumwaga.