Kofia ya Tommy, Saa ya Jessie

Kwa kinyozi wangu kuna picha tatu ukutani: mchezaji mpira, mwanamuziki, na Tommy Shelby. Huyo wa tatu ndiye anayeombwa zaidi. Kijana anaingia, ananyoosha kidole, anakaa. Pembeni ngozi, juu pabaki. Nami sijitoi. Niliitazama Peaky Blinders yote, misimu 6, sehemu 36, na kuna wiki nzima nilitembea mjini polepole kana kwamba nyuma yangu kuna mtu anapiga gitaa.

Kwa hiyo ninayosema hapa nayasema kama mtu wa ndani. Tamthilia ile husifiwa kwamba imewapa heshima wafanyakazi wa Uingereza walioishi kati ya vita viwili vya dunia. Mtunzi wake, Steven Knight, amekulia Birmingham, na amesema alitaka kuwatukuza watu wa kwao badala ya kuwaonea huruma. Nia nzuri. Lakini mimi naona imetokea kinyume: tamthilia imewavua wafanyakazi kazi yao, ikabaki na kofia zao.

Tazama tena. Kila Tommy anapopita mtaani Small Heath, milango ya viwanda iko wazi na moto unaruka hadi barabarani. Ndani, wanaume vifua wazi wanapiga vyuma. Misimu 6, na mpaka leo siwezi kukuambia walikuwa wanafua nini, kwa saa ngapi, kwa mshahara gani, wala nani aliungua mkono akarudishwa nyumbani bila senti. Moto ule ni pambo tu, kama taa za ukumbi wa harusi. Kazi yake ni kumwangaza Tommy akipita.

Siwalaumu kwa kuvuruga tarehe. Genge lililoitwa Peaky Blinders lilivuma zaidi miaka ya 1890. Kufikia 1919, tamthilia inapoanzia, mitaa ilikuwa na wababe wengine. Hiyo ni ruhusa ya msimulizi. Hata bibi zetu walimhamisha sungura kutoka kisima hadi kisima kadiri usiku ulivyohitaji. Ugomvi wangu uko msimu wa 4, na una jina: Jessie Eden.

Kama umeutazama, unamkumbuka. Mwanamke wa chama cha wafanyakazi anayekuja kwa Tommy kudai malipo ya wanawake. Anaingia na moto, unadhani sasa hadithi itageuka. Kisha? Tommy anamvuta taratibu, analala naye, anachota habari za wakomunisti, anazigeuza mtaji wake kwa serikali, na msimu unaisha yeye akiwa mbunge wa chama cha Labour. Jessie amekuwa ngazi. Kabla yake alikuwepo Freddie Thorne, mkomunisti wa msimu wa 1; huyo msimu wa 2 ulianza kwa mazishi yake. Ndivyo ilivyo kule: anayewapanga wafanyakazi ama anazikwa, ama anatongozwa.

Sasa nikuambie kuhusu Jessie mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli.

Alizaliwa mwaka 1902, akafariki 1986. Alifanya kazi Birmingham katika kiwanda cha Lucas, kilichotengeneza vifaa vya umeme vya magari, na kazi yake ilikuwa kupiga tupa vyuma vya shokomzoba. Mwaka 1926, wafanyakazi karibu milioni 1.7 walipogoma kwa siku 9 kuwaunga mkono wachimba makaa ya mawe, yeye aliwatoa nje wanawake wa sehemu yake.

Miaka mitano baadaye akaja mtu na saa.

Ulikuwa mfumo wa Charles Bedaux, Mfaransa aliyehamia Marekani na kutajirika kwa wazo moja: kila kazi ya mkono inaweza kukatwa vipande vya dakika. Kipande kimoja kiliitwa B. Saa moja ilikuwa na B 60. Ukifikisha 60 umetimiza wajibu, ukizidisha unapata ziada, ukipungua kila mtu anajua. Mpimaji anasimama nyuma yako na saa ya kuhesabu sekunde. Anaandika unavyoinua tupa, unavyogeuza chuma, unavyopumua.

Lucas walimchagua Jessie apimwe kwa sababu alikuwa mwepesi kuliko wenzake. Kasi yake ingekuwa kipimo cha wote. Simama hapo kidogo. Yeye binafsi hakuwa na cha kuogopa. Kipimo kingekuwa mwendo wake mwenyewe, na angekifikia kila siku bila jasho la ziada. Waliokuwa wanaumia ni wengine: mama aliyekesha na mtoto, msichana aliyeanza kazi Jumatatu, mzee ambaye vidole vimeanza kukataa. Na wangeumizwa kwa mikono yake.

Jessie alikataa. Mwezi Januari 1931 wanawake 10,000 walitoka nje, na wengi wao hawakuwa wanachama wa chama chochote. Baada ya wiki moja kampuni iliweka mpango ule kando.

Hawakumsamehe, kazi aliikosa. Alikwenda Moscow, kwa wanawake waliokuwa wakijenga reli ya chini ya ardhi. Mwaka 1939 alikuwa tena Birmingham, mstari wa mbele, maelfu ya wapangaji wa nyumba za manispaa walipogoma kulipa kodi iliyopandishwa.

Na yule mwenye saa? Mwaka 1937, aliyekuwa mfalme wa Uingereza, Edward wa Nane, alifunga ndoa katika kasri la Bedaux huko Ufaransa. Mfalme aliyeacha kiti anaoa nyumbani kwa mtu aliyejenga utajiri wake kwa dakika za wanawake kama Jessie. Halafu mtu aniambie hapa hapakuwa na tamthilia, ikabidi atafutwe jambazi.

Najua mtakachosema. Ni burudani tu. Kazi haina msisimko. Nani atakaa Ijumaa usiku kutazama mkutano wa chama cha wafanyakazi? Jibu ni kwamba watu walikaa. Mwaka 1975 BBC hiyohiyo ilionyesha Days of Hope, filamu nne za mwandishi Jim Allen na mwongozaji Ken Loach, kuanzia 1916 hadi mgomo wa 1926. Filamu ya mwisho inakaa muda mrefu ndani ya vyumba vya majadiliano, wanaume wenye suti wakibadilishana karatasi, huku nje mamilioni wakisubiri kujua kama wameuzwa. Magazeti yalifoka. Mwaka uliofuata ikaja When the Boat Comes In ya James Mitchell. Jack Ford, sajini aliyerudi kutoka vitani, naye ni mjanja, mdomo mtamu, anajua kujitafutia. Lakini ujanja wake unapita katikati ya familia ya wachimba makaa, na tamthilia haikubali umsahau aliyebaki mgodini.

Kwa hiyo kazi inaonyesheka. Kinachotakiwa ni kuamini kwamba mtu anayefanya kazi ana akili, na kwamba akili hiyo inaonekana pale kazini, si pale tu anapotoroka kazi. Peaky Blinders haiamini hivyo. Mwenye akili kule ni mmoja, na dalili ya akili yake ni kwamba ameacha kutumia mikono. Waliobaki ni moto wa pembeni.

Mnaniuliza kwa nini nimekasirika hivi kwa ajili ya mwanamke wa Birmingham aliyefariki kabla sijazaliwa.

Baada ya chuo nilifanya kazi ya kuweka alama kwenye picha. Unachora kisanduku kuzunguka gari, mti, mtoto anayevuka barabara, ili mashine ya mtu fulani, nchi fulani, ijifunze kuona. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na saa. Kati yetu alikuwapo dada mmoja mwepesi ajabu. Vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayesuka mkeka. Baada ya wiki mbili kiwango kikapandishwa kwa wote, na kilikuwa mwendo wake. Aliyekuwa akimaliza saa kumi na moja sasa alimaliza saa mbili usiku, kwa pesa zilezile.

Tulimfanya nini? Tulimnunia. Tuliacha kumwita kwenye chai. Mtu mmoja alimwita mbele yetu kibaraka wa ofisi, nami nilicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho kuitazama ile saa kwenye kona. Dada yule aliondoka bila kuaga. Na jioni zile nilikuwa narudi nyumbani kufanya nini? Kumtazama Tommy Shelby, nikijiambia kwamba mwenye akili hatoki na wenzake. Mwenye akili anatoka peke yake.

Nilikuja kumjua Jessie wa kweli baadaye sana, usiku nilioutazama msimu wa 4 mara ya pili na kujiuliza kama mwanamke yule aliwahi kuishi. Nilisoma kuhusu Lucas, kuhusu mikono myepesi, kuhusu saa. Nilizima kompyuta. Nilitafuta namba ya dada yule na sikuipata.

Hilo ndilo ninalowadai waliotengeneza tamthilia ile. Walikuwa na hadithi hiyo mkononi. Walijua jina lake, wakalitumia. Wakaona lililo bora ni kumlaza na bosi.

Na ninaogopa tutawaiga. Mwaka huohuo wa 1939, wapangaji walipogoma Birmingham, wafanyakazi wa Mombasa nao waligoma, makuli wa bandari wakiwemo, na suala la pango na makazi lilikuwa miongoni mwa madai yao. Siku moja mtu wa kwetu atapata pesa za kuutengeneza mgomo ule kuwa tamthilia. Nauona tayari: kijana mmoja mtanashati, kofia imeinamishwa, anauza magendo, anatembea polepole gatini jua likizama. Nyuma yake, wamefifia, wanaume wamebeba magunia. Tutaipenda. Vinyozi watapata picha ya nne.

Nikiulizwa siku hiyo, nitaomba jambo moja: kamera imwache kijana apite, ibaki na mmoja wa wale waliobeba. Tujue gunia lina nini, lina uzito gani, analipwa ngapi kwa siku na analala wapi. Tumwone anapolitua chini na kumgeukia mwenzake. Walichoambiana pale ndicho ninachotaka kukisikia.